Farasi Aliyebaki b3: Kuusoma Mchezo wa Botvinnik na Capablanca wa 1938

Mtajie mchezaji yeyote wa sataranji aliyepekua vitabu mchezo wa Botvinnik dhidi ya Capablanca, naye atakujibu kwa hatua moja tu: 30.Ba3, yaani askofu kwenda a3 kwenye hatua ya 30. Si ajabu. Askofu anaachwa aliwe, hatua inayofuata farasi naye anaachwa aliwe, kisha mfalme mweupe anapanda ubao akikwepa cheki (mashambulizi ya moja kwa moja dhidi ya mfalme) hadi anatulia h5. Ni hatua ya kuonyesha wageni. Ila nafasi ile ya hatua ya 30 haikushuka kutoka mbinguni. Ilitengenezwa kati ya hatua ya 14 na ya 21, na anayetaka kujifunza ufunguzi wa askari wa malkia (unaoanza na 1.d4) ndipo pa kukaa. Waalimu wengi huruka sehemu hiyo kwa sababu haina fataki.

Mchezo wenyewe ulichezwa Rotterdam tarehe 22 Novemba 1938, raundi ya 11 ya shindano la AVRO. AVRO ilikuwa taasisi ya utangazaji wa redio ya Uholanzi. Iliwakusanya wachezaji wanane waliotisha kuliko wote wakati ule, Keres, Fine, Botvinnik, Euwe, Reshevsky, Alekhine, Capablanca na Flohr, kila mmoja akutane na kila mwenzake mara mbili, huku shindano likihama mji hadi mji. Keres na Fine walimaliza juu kwa pointi 8.5 kati ya 14. Botvinnik, mwenye miaka 27, alikuwa wa tatu kwa 7.5. Capablanca, bingwa wa dunia wa 1921 hadi 1927, alikuwa ametimiza miaka 50 siku tatu kabla ya mchezo huu, na alimaliza wa saba kwa pointi 6. Umri na safari zilimchosha, hilo halina ubishi. Lakini usikimbilie kusema alishindwa kwa uchovu. Mpango aliocheza ni mpango ambao mimi na wewe tungeucheza tukiwa wazima kabisa: aliona askari anayeweza kuliwa, akaenda kumla, akamla.

Hii ndiyo orodha nzima ya hatua. K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi. Askari hana herufi. Herufi ndogo na namba hutaja mraba: safu a hadi h, mistari 1 hadi 8 kuanzia upande wa Mweupe. Alama x ni kula, + ni cheki, O-O ni mfalme kuhamia pembeni huku ngome ikimruka, na ! ni hatua nzuri. Herufi ndogo ya ziada, kama Rae1 au Nbc5, huonyesha kifaa kimetoka safu ipi, na nukta tatu, kama 14...c4, ni hatua ya Mweusi. Mweupe ni Botvinnik, Mweusi ni Capablanca.

1.d4 Nf6 2.c4 e6 3.Nc3 Bb4 4.e3 d5 5.a3 Bxc3+ 6.bxc3 c5 7.cxd5 exd5 8.Bd3 O-O 9.Ne2 b6 10.O-O Ba6 11.Bxa6 Nxa6 12.Bb2 Qd7 13.a4 Rfe8 14.Qd3 c4 15.Qc2 Nb8 16.Rae1 Nc6 17.Ng3 Na5 18.f3 Nb3 19.e4 Qxa4 20.e5 Nd7 21.Qf2 g6 22.f4 f5 23.exf6 Nxf6 24.f5 Rxe1 25.Rxe1 Re8 26.Re6 Rxe6 27.fxe6 Kg7 28.Qf4 Qe8 29.Qe5 Qe7 30.Ba3 Qxa3 31.Nh5+ gxh5 32.Qg5+ Kf8 33.Qxf6+ Kg8 34.e7 Qc1+ 35.Kf2 Qc2+ 36.Kg3 Qd3+ 37.Kh4 Qe4+ 38.Kxh5 Qe2+ 39.Kh4 Qe4+ 40.g4 Qe1+ 41.Kh5, na Mweusi akasalimu amri.

Namna ya kukaa na mchezo huu

Tafuta ubao halisi, hata wa plastiki wa kukunja. Kwenye simu kidole hukimbia kuliko jicho: unagusa mshale, hatua inapita, unajiona umeelewa. Ubaoni lazima uishike ngome kwa mkono na kuihamisha, na sekunde zile mbili tatu ndizo akili inazotumia kuuliza kwa nini. Andaa pia daftari, kalamu, na saa ya aina yoyote.

Mara ya kwanza uchezeshe mchezo wote bila kusimama, dakika kumi zinatosha. Usichambue. Lengo ni kujua unakwenda wapi tu. Mara ya pili funika hatua kwa karatasi, ukae upande wa Mweupe, na kuanzia hatua ya 9 uandike hatua yako kabla ya kufunua ya Botvinnik. Hatua za kawaida zipe dakika moja au mbili. Sehemu nne zipe dakika kumi na tano kila moja: baada ya 14...c4, baada ya 20...Nd7, baada ya 25...Re8, na baada ya 29...Qe7. Kila unapoandika hatua, ongeza sentensi moja ya sababu. Daftari lenye hatua tupu halina faida baadaye, kwa kuwa ukikosea hutajua ulikosea hesabu au ulikosea wazo.

Mara ya tatu kaa upande wa Mweusi. Wengi hawafiki hapa, na ndiyo maana wanaendelea kuamini kwamba Capablanca alicheza ovyo.

Injini, yaani programu ya kompyuta inayochambua sataranji, izime mpaka daftari lijae. Nitairudia mbele.

Hatua nane za mwanzo, kwa haraka

Huu ni ulinzi wa Kihindi wa Nimzowitsch, ambao wachezaji huuita Nimzo tu. Mweusi anamtoa askofu mpaka b4, yuko tayari kumbadilisha na farasi wa c3 na kumwachia Mweupe askari wawili kwenye safu moja ya c. Kinachofaa kushika hapa ni mpangilio wa 4...d5 na 5.a3. Katika Nimzo, askari mweupe wa c4 akibaki palepale huwa mgonjwa wa kudumu: Mweusi humlenga kwa askofu kutoka a6 na farasi kutoka a5, naye hana askari mwenzake wa kumlinda pembeni. Lakini Mweusi akishasukuma d5, Mweupe anapata ruhusa ya kumbadilisha mgonjwa huyo. Ndiyo kazi ya 7.cxd5. Baada ya 7...exd5 hakuna tena askari wawili kwenye safu moja, na Mweupe amebaki na kundi zito katikati: c3, d4, e3, na nyuma yao askari wa f.

Anayekariri bila kujua hili hucheza a3 hata pale Mweusi hajasukuma d5, kisha anashangaa mbona mgonjwa wake wa c4 haponi. Hatua ni ileile, ila nafasi si ile.

Baada ya hatua ya 8 funga macho uelezee umbo la askari bila kutazama ubao. Mweupe ana askari mmoja zaidi upande wa mfalme na katikati. Mweusi ana wengi upande wa malkia. Kutokana na umbo hilo tu unaweza kutabiri mchezo wote: Mweupe atataka f3 na e4, Mweusi atataka kufanya jambo upande wa malkia kabla e4 haijafika. Kama hujaweza kuyasema haya bila kuangalia, rudi nyuma hatua tatu.

9.Ne2, na askofu anayeonekana hana kazi

Anayefunika hatua mara nyingi huandika 9.Nf3. Ni mahali pa kawaida pa farasi. Lakini farasi akikaa f3 anamziba askari wa f, na bila f3 hakuna e4 yenye mgongo. Akiwa e2, f3 iko wazi, na farasi mwenyewe anaweza kwenda g3 kuisaidia e4 na kuilenga f5 na h5. Mraba huo wa h5 ukumbuke.

10...Ba6 ni hatua nzuri ya Mweusi. Askofu wa d3 ndiye ambaye angeongoza shambulio dhidi ya h7, na sasa anabadilishwa. Bei yake ni kwamba farasi mweusi anaishia a6, pembeni, na itabidi atafutiwe kazi. Hapo ndipo mkasa unapoanzia.

12.Bb2 ni hatua ambayo wachambuzi hawaipendi, na wana haki, 12.Qd3 ilikuwa moja kwa moja zaidi. Askofu wa b2 anatazama askari wake mwenyewe wa c3. Mweusi anajibu 12...Qd7, akitaka Qa4, na 13.a4 inamzuia. Tazama vizuri: askari aliyesukumwa kumzuia malkia ndiye atakayeliwa hatua sita baadaye.

14...c4 ndiyo hatua ya kuchambua

Mpaka hapa Mweusi hana shida. Malkia mweupe ameingia d3, anamtazama farasi wa a6. Mweusi anaweza kumlinda kwa 14...Qb7 na kuendelea kushikilia mvutano kati ya c5 na d4. Capablanca alichagua 14...c4, inayomfukuza malkia na kupata mraba wa b3 kwa ajili ya farasi. Inavutia. Inapata nafasi, inapata muda, inapata mraba.

Inachopoteza hakionekani kwa jicho la haraka. Askari wa c akiwa c5, kila Mweupe anapofikiria e4 inabidi ajiulize: je, Mweusi akila d4, safu ya c ikafunguka, ngome zake zikiingia, nitalinda nini kwanza? Askari akishafika c4, swali hilo linakufa. Hakuna wa kuigusa d4 tena. Kituo cha katikati cha Mweupe hakitikisiki, na f3 na e4 sasa ni suala la kuhesabu hatua tu.

Hili ndilo kosa ambalo wanaoanza kucheza d4 hulirudia kwa pande zote mbili. Kusukuma askari kupita mwenzake huonekana kama kusonga mbele, kumbe ni kufunga mlango ambao ulikuwa unatumia wewe. Kabla ya kusukuma hivyo, andika daftarini: mpinzani alikuwa anaogopa nini kwenye safu hii, na je, baada ya hatua yangu ataendelea kuogopa?

Sasa pangilia hatua tano za kila upande sambamba. Mweusi: Nb8, Nc6, Na5, Nb3, Qxa4. Mweupe: Rae1, Ng3, f3, e4, e5. Hatua tano kwa tano. Mweusi ametumia nne kumtoa farasi a6 hadi b3 na moja kumla askari. Mweupe ametumia tano kupata katikati yote pamoja na kumfukuza farasi wa f6, mlinzi wa mfalme.

Hatua ya 16 ya Mweupe ina siri ndogo. Ngome ya a1 ndiyo iliyokuwa ikimlinda askari wa a4, na Botvinnik anaiondoa kwenda e1. Kuna mlinzi wa pili, malkia wa c2, anayeiona a4 kwa mshazari kupitia b3. Farasi mweusi akitua b3 anaukata mshazari huo, na a4 inabaki yatima. Kwa hiyo Nb3 haikuwa kutua pazuri tu, ndiyo iliyomla askari. Botvinnik aliliona na akaacha lipite.

Kwa waliokulia kwenye drafti, hapa pana mtego. Kwenye drafti kula ni lazima, na mkono huzoea: kikiwepo cha kuliwa, kinaliwa. Sataranji haikulazimishi. Ukikaa upande wa Mweusi baada ya 19.e4, jilazimishe kuorodhesha hatua tatu ambazo si Qxa4 kabla ya kufikiria Qxa4. Ukishindwa kupata hata moja inayokuridhisha, utakuwa umegundua kwamba mpango wote tangu 14...c4 ulikuwa na njia moja tu ya kumalizika.

Mraba mmoja kati ya sita

Baada ya 20.e5 Nd7 simama dakika zako kumi na tano. Mkono unawasha kucheza 21.f4, na sababu zake ni nzuri: f5 inafuata, mfalme mweusi yuko peke yake. Lakini malkia wa a4 na malkia wa c2 wanatazamana, na kati yao yupo farasi wa b3 peke yake. Akiruka c5, anafungua mshazari. Baada ya 21.f4 Nbc5! Mweupe hawezi kumla farasi huyo kwa askari wa d, kwani malkia wake wa c2 atakuwa ameliwa. Akibadilisha malkia kwa Qxa4 Nxa4, farasi yuleyule aliyepotea anaibuka katikati ya mambo akimgusa askofu wa b2, na shambulio limekwisha.

Ndiyo maana 21.Qf2. Ni hatua ya kimya, inayoonekana kama kuahirisha, nami naiona bora kuliko 30.Ba3. Malkia anatoka kwenye mshazari, na papo hapo farasi wa b3 anakuwa mfungwa. Hesabu miraba yake kwa kidole. a1: ngome ya e1 inamfikia. c1: askofu na ngome wanamfikia. c5: askari wa d4 anamla. d4: askari wa c3 anamla. d2: malkia wa f2 anamla. Unabaki a5 peke yake, mraba aliotoka. Kati ya miraba sita ana mmoja salama, na hataondoka b3 mpaka mchezo unakwisha.

Ukishaliona hilo, hesabu upya. Mweusi ana askari mmoja zaidi, lakini upande wa mfalme anapigana akiwa amepungukiwa farasi mzima, na malkia wake yuko a4. Kwa muda huo Mweupe ndiye mwenye vifaa vingi.

Kufungua safu ya e

21...g6 inazuia Nf5 na kuchelewesha f5. 22.f4 f5 ni lazima kwa Mweusi, la sivyo askari wa f anapita na kuvunja kila kitu. Hapa wanafunzi wengi huridhika na askari wa e5 aliyelindwa na kuanza kuzunguka. 23.exf6 ya kula kwa kupita (askari kumla askari jirani aliyetoka kuruka miraba miwili) ndiyo sahihi, kwani bila hiyo mfalme mweusi amejifungia nyuma ya f5 na g6 na hakuna mlango. Baada ya 23...Nxf6 24.f5 safu ya e iko wazi, na f6 na g6 zinaguswa kwa pamoja.

Dakika nyingine kumi na tano ziweke baada ya 25...Re8. Ngome zikibadilishwa zote hovyo, shambulio linaweza kupoa. Botvinnik alicheza 26.Re6, ngome ikilindwa na askari wa f5. Mweusi akiila, askari anayeilipiza anakuwa e6, askari huru (hana askari adui wa kumzuia mbele) aliyebakiza miraba miwili afike mwisho. Asipoila, mfano 26...Kf7, kuna 27.Rxf6+! Kxf6 28.fxg6+, na mfalme mweusi yuko uwanjani bila nguo: 28...Ke7 29.Qf7+ Kd8 30.g7 na askari anapita, 28...Kxg6 29.Qf5+ Kg7 30.Nh5+ na msako unaendelea. Mstari huu wa pili ni mrefu, ufanyie kazi mwenyewe ubaoni bila kugusa injini. Ndiyo mazoezi bora ya hesabu ndani ya mchezo huu.

28.Qf4 ina tishio la Nf5+, kwa maana gxf5 inajibiwa Qg5+ na farasi wa f6 anaanguka. 28...Qe8 29.Qe5 Qe7: malkia mweusi sasa anafanya kazi mbili, anamzuia askari wa e6 na anamlinda farasi wa f6. Farasi huyo amebanwa, hawezi kuondoka kwa kuwa malkia wa e5 anamtazama mfalme wa g7 nyuma yake.

Hatua ya 30

Usianze na kafara, anza na maswali. Nani anafanya kazi mbili? Malkia wa e7. Nani amebanwa? Farasi wa f6. Kifaa gani cheupe hakina kazi? Askofu wa b2. Ukiyaweka majibu matatu pamoja, Ba3 inajitokeza yenyewe: kifaa kisicho na kazi kinamwondoa mwenye kazi mbili.

Akimkataa kwa 30...Qe8, Mweupe ana 31.Qc7+ Kg8 32.Be7 Ng4 33.Qd7, na Mweusi hawezi kubadilisha malkia kwa sababu askari akifika d7 hazuiliki tena. Akimla, 31.Nh5+! Farasi wa f6 hawezi kumla wa h5 kwa kuwa amebanwa. Akijaribu 31...Kh6, kuna 32.Nxf6 Qc1+ 33.Kf2 Qd2+ 34.Kg3 Qxc3+ 35.Kh4 Qxd4+ na sasa 36.Ng4+!, farasi anakinga mfalme wake na kutoa cheki kwa wakati mmoja. Mfalme mweusi hana pa kwenda na malkia wake anakwenda na maji. Baada ya 31...gxh5 32.Qg5+ Kf8 33.Qxf6+ kukimbilia e8 ni kufa kwa hatua mbili: Qf7+ Kd8, Qd7.

Botvinnik aliandika baadaye kwamba hakuihesabu yote hadi mwisho alipomwachia askofu. Alihakikisha kwanza ana sare mkononi, kisha akaendelea. Sare hiyo unaweza kuikagua: mfalme akiwa g8, Qg5+ na Qf6+ zinaweza kurudiwa bila kikomo. Kwa mchezaji wa klabu huu ndio utaratibu wa kuiga: kabla ya kutoa kafara tafuta mahali pa kurudia cheki, kisha ndipo utafute ushindi. Wanaotaka kuona yote kwanza huishiwa saa, na wasiotaka kuona chochote huishiwa vifaa.

34.e7 huwasumbua wengi, kwa sababu 34.Qf7+ inaonekana kali zaidi. Tofauti iko d4. Malkia akibaki f6 anamlinda askari wa d4 kwa mshazari, na anatishia Qf8 ya kumaliza mchezo. Akienda f7, d4 inabaki wazi na malkia mweusi anapata ngazi ya cheki: c1, d2, c3, d4. Baada ya 34.e7 Capablanca alibaki na cheki saba tu, na mfalme mweupe alijua njia: mbele, kwenda h4 na h5, kumla askari pale na kujificha nyuma ya g4. Chezesha cheki hizo saba ukitaja kwa sauti kwa nini kila jibu lingine ni baya. Kwenye 38, kwa mfano, g4 ya haraka kabla ya Kxh5 inampa Mweusi hxg4, na ukuta uliotaka kujificha nyuma yake haupo.

Sasa washa injini

Injini ya Stockfish iko bure kwenye tovuti ya sataranji ya Lichess, na unaweza kutunza uchambuzi wako hapo kama somo la kudumu. Ingiza hatua zote, ongeza za kwako kutoka daftarini kama matawi, kisha ndipo uiwashe, ikionyesha mistari mitatu badala ya mmoja. Iache dakika nzima kwenye kila sehemu ile ya dakika kumi na tano. Namba ya nani anaongoza inayotokea sekunde ya pili kwenye simu ya kawaida mara nyingi hubadilika, hasa penye kafara.

Usiiulize nani anaongoza, iulize kuhusu hatua zako. Kama uliandika 21.f4, icheze, uone inajibu nini, halafu uendelee mpaka uelewe bila namba. Ukitaka kujua tishio la mpinzani, mchezee Mweupe hatua isiyobadilisha kitu, mfano 21.Kh1, na tazama Mweusi anakimbilia wapi. Jibu ni Nbc5, na Qf2 haikuhitaji maelezo zaidi. Ukikuta injini inamsamehe Capablanca mahali ambapo vitabu vinamlaumu, usifurahi wala usikasirike: yenyewe inaweza kutetea nafasi mbaya kwa hatua ishirini mfululizo bila kutetereka, wewe hapana.

Kazi ya mwisho inahitaji mtu wa pili. Panga nafasi baada ya 13.a4 na mcheze michezo minne ya dakika 15 kwa kila mmoja, mkibadilishana rangi. Mwenye vifaa vyeusi amekatazwa c4. Mwache ajaribu 13...cxd4 14.cxd4 Rfc8, kisha aone ni nini kinatokea Mweupe anapojaribu f3 na e4 huku safu ya c ikiwa wazi na ngome nyeusi inatazama c2. Andikeni kila mchezo. Mkimaliza, linganisheni hatua ambayo e4 ilichezwa katika kila mmoja, na kilicholiwa kwenye safu ya c kabla au baada yake.